Umaarufu wa Lugha za Programu na Uchaguzi wa Zana: Mafunzo kutoka Bagamoyo

Utangulizi

Wafasiri wanaoshughulikia vitabu vya mafunzo ya kompyuta, na maofisa wa wilaya wanaotakiwa kuandika mapendekezo ya kupata programu mpya, hukutana na jambo moja lililo gumu kulieleza. Jambo lenyewe ni hili: mara nyingi programu haichaguliwi kwa ubora wake peke yake, bali kwa sababu lugha iliyotumika kuiandika ina watu wengi wanaoijua. Walio nje ya kazi hiyo huona ajabu. Hudhani kwamba chombo cha namna hii huchaguliwa kama jembe linavyochaguliwa dukani, kwa kutazama makali na mpini.

Katika makala hii tumekusudia kuonyesha kwamba jambo hili si geni, wala si la kompyuta peke yake. Lilikwisha kutokea katika pwani yetu, hasa Bagamoyo, zaidi ya mara moja, na kila mara limeacha alama katika msamiati wetu. Tumeonelea kulieleza kwa njia ya historia, kwa kuwa msomaji aliyekwisha kuona lilivyotokea kwa nguo na kwa kamusi hatapata taabu kuona linavyotokea kwa kompyuta.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane juu ya maana ya maneno machache. Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata ili itende kazi fulani, mathalani kujumlisha idadi ya watoto waliochanjwa katika mwezi mmoja. Lugha ya programu ni lugha ya kubuniwa, yenye msamiati mdogo na sarufi kali, ambayo binadamu huitumia kuandikia maagizo hayo. Lugha hizo ni nyingi: FORTRAN ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, COBOL ilitangazwa mwaka 1960, na Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Zana, katika makala hii, ni programu iliyokamilika ambayo ofisi huichagua kwa ajili ya kazi zake, pamoja na vitu vinavyoambatana nayo: vitabu vya maelezo, mafundi, na sehemu zilizoandikwa tayari ambazo fundi huzitwaa na kuziunganisha bila kuanza upya.

Merikani na ushanga

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango wa misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji. Mwenye msafara hakuweza kwenda bara na fedha peke yake. Alihitaji nguo, ushanga na nyaya za shaba, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyolipia chakula, hongo na ujira njiani. Lakini si kila ushanga ulipokewa kila mahali. Rangi iliyotakiwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya pili. Kwa hiyo, kabla ya kufunga mizigo, mwenye msafara aliyekuwa na busara aliwauliza waliotangulia: huko niendako, watu wanataka ushanga gani? Hakuuliza ushanga gani ni mzuri. Aliyepuuza swali hilo alibebesha wapagazi mizigo isiyomnunulia hata kibaba cha nafaka.

Hali kadhalika nguo. Shiti ya pamba iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa kutoka Salem katika jimbo la Massachusetts, ilipendwa mno hata ikawa kipimo cha thamani katika safari. Watu waliiita merikani. Jina hilo halikuondoka biashara ya Salem ilipopungua. Nguo ya namna ile ilipofumwa penginepo iliendelea kuitwa merikani, na jina limo katika kamusi zetu hadi leo. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa tutalirudia: kitu kikipata umaarufu, jina la kilikotoka hugeuka kuwa jina la kitu chenyewe, na baadaye huwa vigumu kuwaeleza watu kwamba kitu hicho chaweza kupatikana kutoka kwingine.

Kamusi mbili za mwaka 1939

Mfano wa pili unaihusu lugha yenyewe. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Miongoni mwa waliokuja baadaye alikuwa Charles Sacleux, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1879 na kukaa karibu miaka ishirini. Sacleux alikuwa na sikio la mtaalamu. Alikusanya maneno ya Kimrima, ya Kiunguja, ya Kimvita na ya lahaja nyingine za pwani, akayapambanua kwa uangalifu, akaeleza hata majina ya mimea na samaki. Kazi yake kubwa, kamusi ya Kiswahili kwa Kifaransa yenye kurasa zaidi ya 1,000, ilichapishwa Paris kuanzia mwaka 1939.

Mwaka huo huo wa 1939 ilitoka kamusi nyingine, ya Kiswahili kwa Kiingereza, iliyotayarishwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki chini ya uongozi wa Frederick Johnson, kwa kujengea juu ya kazi ya A. C. Madan. Kamati hiyo ilianzishwa mwaka 1930, kufuatia mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ambao ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Nao uchaguzi wa Kiunguja haukutokana na hewa. Tangu Edward Steere alipotoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, misheni ya Kianglikana ya Unguja ilikuwa imekwisha kuchapisha vitabu vingi kwa lahaja hiyo, na misafara iliyoanzia pwani mkabala na Unguja ilikuwa imekwisha kueneza lugha ya namna hiyo hadi maziwa makuu. Lahaja iliyokuwa na watu na vitabu ndiyo iliyoongezewa watu na vitabu.

Basi kati ya kamusi hizi mbili, ipi iliingia katika shule na ofisi za Tanganyika? Kila mwalimu analijua jibu. Kamusi ya Johnson ilikuwa juu ya meza za walimu, makarani na wafasiri kwa vizazi kadhaa. Kamusi ya Sacleux ilibaki mikononi mwa wataalamu wachache. Mtu akizilinganisha kwa wingi wa maneno ya lahaja na kwa upana wa maelezo, hawezi kusema kwamba ya Sacleux ilishindwa. Sababu kubwa ilikuwa nyingine: maelezo yake yaliandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa hakikuwa lugha ya ofisi wala ya shule katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Karani wa Bagamoyo aliyetaka kujua maana halisi ya neno la Kimrima, neno lililokusanywa pengine hatua chache kutoka nyumbani kwake, asingeweza kulipata ndani ya kitabu hicho bila ya kujifunza lugha ya nchi ya mbali.

Hapa pana funzo tunaloliona kuwa kiini cha makala hii. Kifaransa hakikuwa lugha isiyo na umaarufu duniani. Kilikuwa lugha kubwa ya elimu na ya mabalozi. Lakini hakikuwa na umaarufu *pale* ambapo kamusi ilitakiwa kutumika. Kwa hiyo, mtu akisema kwamba lugha fulani ni maarufu, hapana budi kumwuliza: maarufu kwa nani, na wapi?

Kompyuta bila watu

Tuje sasa kwenye kompyuta. Kompyuta ya kwanza kufungwa Tanzania ilikuwa ICT 1500, iliyowekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hadi mwaka 1974 nchi ilikuwa na kompyuta chache tu, ambazo hesabu yake haikufika kumi. Mwaka huo serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya kazi ya kuhamishia hesabu za serikali katika mitambo hiyo kuleta matatizo na gharama. Wataalamu walioichunguza historia hiyo wamekubaliana kwamba sababu mojawapo ilikuwa uhaba wa wananchi wenye ujuzi wa kuzitumia na kuziongoza kompyuta hizo. Marufuku ililegezwa polepole katika miaka iliyofuata, na katika miaka ya 1990 kompyuta ndogo za mezani zikaanza kuonekana katika ofisi nyingi.

Kisa hiki chafanana na kisa cha Sacleux, ila kwa upande wa pili. Pale kulikuwa na kitabu kizuri chenye lugha isiyo na wasomaji wa karibu. Hapa kulikuwa na mashine zenye nguvu na lugha zenye sifa ulimwenguni, lakini waliozijua lugha hizo walikuwa mbali, na ilibidi waalikwe na walipwe kwa fedha za kigeni. Zana isiyo na mtu wa karibu wa kuitengeneza huwa mzigo siku inapoharibika.

Kutoka vitabu vya MTUHA hadi Access

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya ilianzisha Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao watumishi wote wa afya huuita MTUHA. Yapendeza kutaja kwamba jina hili ni la Kiswahili, na kwamba lilikwenda hadi zahanati za vijijini bila ya kuhitaji mfasiri. Mfumo ulikuwa wa vitabu vyenye namba. Muuguzi aliandika, mwisho wa mwezi akajumlisha kwa mkono, akapeleka muhtasari wilayani. Kazi ya kujumlisha ilikuwa ndefu, na makosa hayakukosekana.

Wakati huo huo, Afrika ya Kusini, baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, watafiti wa vyuo vikuu vya huko pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, waliunda mtandao uitwao HISP ili kutengeneza njia bora ya kukusanya taarifa za afya kuanzia wilayani. Katika miaka ya mwisho ya 1990 walitoa programu iitwayo DHIS, yaani programu ya taarifa za afya za wilaya. Waliijenga juu ya Access, ambayo ni programu ya kampuni ya Microsoft ya kuundia hifadhidata, na maagizo yake wakayaandika kwa Visual Basic.

Kwa nini Access na Visual Basic? Si kwa sababu wataalamu wa hifadhidata waliviona kuwa bora kupita vyote. Vilikuwa mahali ambapo watu walikuwapo. Kompyuta nyingi za ofisi zilikuwa za Windows, na Access ilikuwamo katika kifurushi cha programu za ofisi kilichokuwa kimeenea. Visual Basic, iliyotolewa mwaka 1991, ilikuwa imeundwa kwa namna ambayo hata mtu asiyekuwa fundi wa kompyuta angeweza kuanza kuitumia baada ya mafunzo mafupi. Ofisa wa wilaya mwenye bidii aliweza kuifungua, kutazama jedwali, na hata kujitengenezea ripoti.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtandao wa HISP, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliingia Tanzania, na wilaya za mwanzo kuhusishwa zilikuwa Bagamoyo na Kibaha. Hivyo mji uliokuwa mlango wa misafara ukawa tena mahali pa kujaribia mzigo mpya. Mihtasari ya MTUHA kutoka zahanati na vituo vya afya ilifika wilayani katika karatasi, kisha ikaingizwa katika kompyuta. Kila ofisi ilikuwa na nakala yake ya programu, na taarifa zilihamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kubebwa.

Zana hiyo ilikuwa na faida ya kuwa karibu na watu, lakini ilikuwa na kasoro zilizotokana na chimbuko lake. Haikuweza kutumika nje ya Windows. Access yenyewe ilikuwa ya kulipiwa, ingawa DHIS ilitolewa bure. Tena, nakala zilipokuwa nyingi, kila badiliko lilipaswa kupelekwa kwa kila kompyuta, na nakala iliyoachwa nyuma haikuelewana na wenziwe. Zaidi ya yote, lugha ilikuwa mali ya kampuni moja. Ilipofika mwaka 2008, Microsoft ilikomesha huduma kwa toleo la sita la Visual Basic, toleo ambalo mafundi wengi duniani walikuwa wamelitegemea. Ingawa lugha ya aina hiyo iliendelea kuwamo ndani ya Access, onyo lilikuwa wazi: umaarufu unaoshikiliwa na mwenye mali mmoja waweza kukatishwa na mwenye mali huyo.

Kuhamia Java

Katika miaka ya 2004 na 2005 watu wa Oslo walianza kuiandika programu upya, kwa jina la DHIS2, na safari hii walichagua Java. Sababu zilikuwa kadhaa. Java hufanya kazi katika mifumo mbalimbali ya kompyuta. Ilikuwa na sehemu nyingi zilizoandikwa tayari na kutolewa bure, mojawapo ikiwa Hibernate, iliyoiwezesha DHIS2 kutumia hifadhidata za aina mbalimbali badala ya kufungwa na moja. Jimbo la Kerala, India, ambalo mwaka 2006 lilikuwa la kwanza kuitumia DHIS2, lilipendelea programu huria. Sababu nyingine, ambayo kwa hoja yetu ndiyo yenye uzito, ni kwamba Java ilikuwa lugha iliyofundishwa katika vyuo vikuu vingi, pamoja na Oslo penyewe, na sehemu ya kazi ya kuijenga DHIS2 ilifanywa na wanafunzi. Lugha ambayo wanafunzi wanaijua tayari haihitaji bajeti ya kuifundisha.

Lakini hapa ndipo swali letu la Bagamoyo linaporudi: maarufu kwa nani, na wapi? Java ilikuwa maarufu katika vyuo vikuu. Katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, iliyokuwa maarufu ni Access. Mtumishi aliyekuwa amejifunza kuifungua DHIS ya zamani na kujitengenezea ripoti alijikuta mbele ya programu ambayo undani wake hakuweza kuugusa. Ujuzi alioupata kwa jasho haukumsaidia tena kwa sehemu hiyo. Hata mafundi wa nchi kadhaa zilizoshiriki walikuta kwamba sehemu mpya mpya zilizounganishwa na Java zilikuwa ngumu kujifunza bila ya kuwa karibu na waliozichagua. Zana iliyokuwa ikirekebishwa wilayani ikawa inarekebishwa na wachache walio mbali.

Tungekosa haki tukiishia hapo. Kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti yalipata njia pana zaidi. Kenya ilieneza DHIS2 nchi nzima mwaka 2011 kwa kutumia seva moja badala ya nakala nyingi, na Tanzania nayo ilikuwa imeieneza hadi kufikia mwisho wa mwaka 2013. Badiliko likifanywa mara moja huonekana kila wilaya. Kazi hiyo isingewezekana kwa zana ya kwanza. Aidha, kwa kuwa Java ilifundishwa pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipatikana Watanzania walioweza kuingia ndani ya programu na kuitengeneza. Kile kilichokuwa maarufu mbali kililetwa karibu, lakini kwa njia ya darasa, na kwa miaka.

Wala safari haikukoma hapo. Lugha ya JavaScript ilipozidi kuenea kwa kurasa za mtandao, sehemu za DHIS2 zinazoonekana na mtumiaji zilianza kuandikwa kwa lugha hiyo, wakati Java ikibaki katika seva. Programu moja, yenye kazi ile ile ya kujumlisha taarifa za zahanati, imepita katika lugha tatu ndani ya takribani miaka ishirini, na kila mara umaarufu wa lugha umekuwa miongoni mwa sababu.

Jinsi umaarufu unavyotenda kazi

Kutokana na mifano hii twaweza kueleza jambo lenyewe kwa ufupi. Lugha ikiwa na watu wengi, vitabu vyake huwa vingi. Vitabu vikiwa vingi, wanafunzi huongezeka. Wanafunzi wakihitimu, waajiri huwapata kwa urahisi, na mwajiri asiyependa kubaki na mashine bila fundi huchagua zana iliyoandikwa kwa lugha hiyo. Zana zikiongezeka, sehemu zilizoandikwa tayari huongezeka pia, na fundi mpya huivutiwa lugha hiyo zaidi. Duara hilo hujizungusha lenyewe. Ndilo duara lililoikuza Kiunguja kutoka vitabu vya Steere hadi mkutano wa Mombasa.

Katika duara hilo pana hekima na pana hatari. Hekima ni kwamba wingi wa watu ni ubora wa aina yake: kosa likitokea, yuko wa kuulizwa. Hatari ni kwamba kipimo cha umaarufu mara nyingi hupima sauti badala ya kazi. Zipo orodha zinazotolewa mara kwa mara kupanga lugha za programu kwa umaarufu, kama ile ya kampuni ya TIOBE ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 2001. Orodha hiyo hutegemea wingi wa kurasa zinazopatikana mtu anapoitafuta lugha hiyo katika mitambo ya kutafutia ya intaneti. Orodha ya namna hiyo haisemi ni mafundi wangapi wanapatikana Bagamoyo, Pangani au Tanga. Ofisa anayeandika pendekezo akiitegemea hiyo peke yake amefanya kama mwenye msafara aliyenunua ushanga kwa kuuliza bei za London.

Yanayotuhusu sisi wa istilahi

Msomaji aweza kuuliza: haya yote yanalihusu nini jarida la istilahi? Yanahusu kwa njia tatu.

Kwanza, umaarufu wa zana huleta maneno yake. Tulikwisha kuona neno *merikani*. Leo watumishi wengi husema *Excel* wakimaanisha jedwali lolote la kompyuta, ingawa neno *lahajedwali* lipo na lina maana iliyo pana kuliko bidhaa ya kampuni moja. Hatari si ya usafi wa lugha tu. Tangazo la zabuni likiandika jina la bidhaa mahali pa jina la kazi, mlango umefungwa kwa zana nyingine kabla ya mashindano kuanza. Neno la istilahi linalotaja kazi humwachia mnunuzi uhuru wa kuchagua.

Pili, istilahi nazo huchaguliwa kwa umaarufu, nasi hatuna budi kulikiri jambo hili. Kwa mashine yenyewe yalipendekezwa maneno *ngamizi* na *tarakilishi*, na hili la pili huelezwa kuwa limefinyangwa kutokana na *tarakimu* na *akili*. *Tarakilishi* lilipata makao katika shule za Kenya. Tanzania, *kompyuta* ndilo lililoshika. Sisi wenyewe, katika kazi hii, tumewahi kulitetea neno kwa uzuri wa mzizi wake, kisha tukalikuta halitumiki na yeyote nje ya orodha yetu. Neno hilo lilikuwa Sacleux wetu: zuri, lenye elimu, na mbali na watu. Tulijifunza kuuliza mapema zaidi neno gani lilikwisha kuwa kinywani mwa fundi na mwalimu, na kulibadili pale tu linapopotosha.

Tatu, lugha ya programu huamua mfasiri atasimama wapi. Katika programu nyingi za zamani maneno yaliyoonekana na mtumiaji yaliandikwa ndani ya fomu yenyewe, hata mfasiri akahitaji kumbembeleza fundi amfungulie. Katika programu za Java kuna desturi ya kuyaweka maneno hayo katika mafaili ya pembeni, faili moja kwa kila lugha, na mfasiri huyajaza bila kugusa maagizo. Desturi hiyo imo katika DHIS2. Programu huria nazo hutoa nafasi ya namna hiyo: mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, kifurushi cha programu za ofisi kwa Kiswahili. Kwa hiyo, ofisi inapochagua zana, mfasiri ana haki ya kuuliza swali lake kabla ya mkataba kutiwa sahihi: maneno yamewekwa wapi, na nani ana ruhusa ya kuyabadili? Swali hilo likiulizwa baada ya mkataba, jibu huwa ghali.

Hitimisho

Hatusemi kwamba umaarufu upuuzwe. Aliyeupuuza alibaki na kamusi isiyosomwa au mashine isiyotengenezeka. Wala hatusemi kwamba ufuatwe kwa macho yaliyofumbwa. Tunasema kwamba upimwe mahali pa kazi. Mwalimu aulize lugha ipi ina walimu wa kuifundisha katika mkoa wake. Ofisa aulize fundi wa zana hii anakaa wapi, na akiondoka nani atashika nafasi yake. Mfasiri aulize watumiaji wanalitaja jambo hili kwa neno gani leo.

Na pale ambapo zana bora ina lugha isiyojulikana karibu, bado kuna njia ya tatu, nayo ni kuileta lugha hiyo karibu kwa mafunzo, kwa vitabu na kwa istilahi zilizo tayari kabla ya zana kufika. Maneno ya Bagamoyo yamekaa katika kamusi ya Kifaransa tangu mwaka 1939. Wapo wachache walioyafuata humo, nao wamenufaika. Lakini msomaji wa kawaida wa Bagamoyo, mwenye maneno hayo, hajafunguliwa mlango. Taarifa za zahanati zetu zisihifadhiwe kwa namna hiyo.